Barua ya wazi kwa wakuu wa wanyamapori wa Texas: tundu kwenye sikio la choroa

Kwa Wajumbe wa Tume ya Mbuga na Wanyamapori ya Texas, na kwa wabunge wa jimbo, Austin.

Waheshimiwa,

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Nakala ya Kiingereza nimeitia posta na mtaipata, lakini hiyo ni kivuli tu. Barua yenyewe ni hii. Nataka isomwe pia na watu wa lugha yangu tunaoishi jimboni kwenu, ambao kila baridi inapoingia tunaalikwa na wenzetu wa kazini twende "tukawinde wanyama wa kwenu." Novemba iliyopita nilialikwa nami. Nikaenda, nikalipa, nikaua. Kwa hiyo msinisome kama mtu aliyesimama nje ya ua akapiga kelele. Nilikuwa ndani, na bunduki mkononi.

Niseme mapema tusije tukapotezeana muda: sipingi uwindaji. Friza langu lina nyama ya kulungu niliyempata kihalali. Mafunzo ya wawindaji, ambayo sheria yenu inamtaka kila aliyezaliwa tangu Septemba 2, 1971 ayapitie, niliyapitia, na nilimwelewa vizuri mwalimu aliposema risasi usiyo na hakika nayo usiipige. Siwaombi myafunge mashamba ya kuwindia yenye ua mrefu. Ninachoomba ni kidogo kuliko hicho, ingawa pengine ndicho kigumu zaidi: mwamue yule mnyama niliyemuua ni nini, mfugo au windo.

Shamba lenyewe sitalitaja. Liko kwenye vilima vya magharibi ya San Antonio, nchi ya mawe ya chokaa na mialoni mifupi. Ua wake ni wa futi 8, wavu wa chuma uliokazwa kwenye nguzo za bomba, na lango linafunguka kwa namba unazobonyeza. Ofisini, karibu na birika la kahawa, kuna karatasi iliyofunikwa kwa plastiki yenye majina na bei: pofu, tandala, nyumbu, pundamilia, swala mweusi wa India, kulungu wa madoa wa huko huko India, kondoo mwitu wa Afrika Kaskazini, choroa. Mtu aliyewahi kusimama buchani akisoma ubao anaijua karatasi ile. Tofauti ni kwamba bucha hukuuzia kwa kilo, pale baadhi ya wanyama wanauzwa kwa inchi za pembe.

Nilimchagua choroa wa Sahara, yule mweupe mwenye shingo ya rangi ya kutu na pembe zilizopinda kwa nyuma kama jambia. Dola 4,500. Sababu ya kumchagua naiona aibu sasa: nilisoma mahali kwamba alikuwa ametoweka porini, nikaona itakuwa fahari kuwa naye ukutani.

Mwongozaji alikuwa kijana mwenye adabu, miaka ishirini na kitu. Alinipeleka kwa gari hadi kwenye kibanda kilichoinuliwa juu ya miguu ya chuma. Nilikitazama nikacheka peke yangu, maana kwetu kitu hicho ni dungu, na anayekipanda ni mtoto wa kufukuza ndege wasile mpunga. Hapa anapanda mtu mzima kungoja mnyama aje kula. Mbele yake, kama mita 90, kulikuwa na pipa lenye mashine ya saa inayorusha mahindi. Saa moja kasorobo mashine ikanguruma, mahindi yakatawanyika, na kabla vumbi halijatulia walikuwa wameshafika. Hawakunyata, hawakusimama kunusa upepo. Walikuja kama mbuzi waliosikia debe la pumba.

Nikamuuliza kijana eneo hili ni ekari ngapi. Mia tatu, akasema. Na lile tangazo la maelfu ya ekari? Hayo ni shamba zima, lakini choroa wako katika hizi mia tatu, na kati ya hizi na zile kuna ua mwingine. Waliletwa lini? Hapo alichelewa kidogo kujibu. "Si muda mrefu, bwana."

Nikapiga. Risasi ilikwenda nyuma ya pale nilipolenga. Kosa ni langu na simsingizii mtu. Akakunja mgongo, akatimka hadi kwenye ua, akasimama pua ikigusa waya. Kisha akaufuata wavu kwenda kushoto mpaka kona, akageuka, akarudi njia ile ile. Mnyama aliyejeruhiwa porini hukimbilia mbali, nawe unabaki na damu kwenye majani na kazi ya kumfuata, na katika kufuata huko kuna adhabu yako. Huyu hakuwa na mbali pa kukimbilia. Tulimwona muda wote.

Alisimama kimya, mita 60, ametugeuzia uso. Nikainua bunduki nimmalize kwa kichwa. Kijana akaushusha mtutu kwa kiganja, taratibu. "Usimpige kichwani, bwana, utaharibu sura. Wala shingoni. Ngoja ageuke." Tukangoja ageuke. Akageuka, lakini nyuma yake ikawa barabara ya shamba na gari linapita. Tukangoja tena. Akalala, akainuka. Tangu risasi ya kwanza hadi ya pili zilipita dakika 38. Najua kwa sababu simu ya kijana ilirekodi muda wa video aliyokuwa ananichukulia kama zawadi.

Alipotulia kabisa nilimwendea kwa nyuma kama nilivyofundishwa, nikamgusa jicho kwa kijiti. Ndipo nikaliona sikio la kushoto. Lilikuwa na tundu la mviringo, kingo zake zimeshapona na kukakamaa, ukubwa wa ncha ya kidole changu cha mwisho. Aliyeishi na ng'ombe anajua tundu lile ni la nini. Ni la hereni. Kuna mtu aliwahi kumvisha namba, na kuna mtu, kabla sijafika, alimvua.

Sasa Waheshimiwa, hapo ndipo ninapowahitaji.

Sheria ya kilimo ya Texas inamjua yule choroa kama mfugo wa kigeni: mnyama mwenye kwato, mla majani, asiye mwenyeji wa jimbo. Magonjwa yake yako chini ya tume ya afya ya mifugo. Ni mali ya mwenye shamba kama lilivyo trekta lake, ndiyo maana hana msimu wala kiwango cha kuuawa. Unampiga Krismasi, unampiga Julai, mmoja au kumi, mradi mwenye mali ameridhia. Haya, ni mfugo. Lakini mfugo naye ana stahili zake. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1958, iliyokazwa mwaka 1978, inataka ng'ombe wa machinjioni apoteze fahamu kwa pigo moja, au risasi moja, au njia nyingine ya haraka, kabla hajaning'inizwa wala kukatwa; uchinjaji wa kidini una kifungu chake. Mwenye machinjio akimwacha ng'ombe azunguke zizini na jeraha kwa dakika 38 ili sura isiharibike, mkaguzi wa serikali atasimamisha kazi hapo hapo. Risasi ya kichwani niliyokatazwa mimi, kule inakubalika kisheria kuwa ni huruma.

Au ni windo? Windo nalo lina stahili yake, nayo ni nafasi ya kunishinda. Boone and Crockett Club, chama alichokianzisha Theodore Roosevelt na wenzake mwaka 1887, hakiandiki katika vitabu vyake vya rekodi mnyama aliyeuawa ndani ya ua ambao hawezi kutoka. Hao ni wawindaji wa kizazi hadi kizazi, na kuta zao zimejaa vichwa. Wameona wenyewe kwamba hiki ni kitu kingine.

Mnaijua hadithi ya popo? Ndege walipokuja kudai, alionyesha meno akasema yeye ni mnyama. Wanyama walipodai, akakunjua mbawa akasema yeye ni ndege. Choroa wangu alikuwa mfugo pale ulipotakiwa msimu, na windo pale ulipotakiwa ukaguzi. Ila popo alijichagulia mwenyewe. Huyu alichaguliwa, na kila mara upande ule aliokosa kitu.

Najua jibu lenu, na sitalipita haraka kwa sababu lina uzito. Mtasema: bila mashamba haya choroa wa Sahara angekuwa picha tu. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilimtangaza kuwa ametoweka porini mwaka 2000, wakati hapa Texas alikuwa anakula nyasi kwa maelfu. Exotic Wildlife Association, chama cha wenye mashamba kilichoanzishwa mwaka 1967, kilikadiria kwamba mwaka 2010 walikuwapo zaidi ya 10,000. Mwaka 2005 serikali ya shirikisho ilimweka kwenye orodha ya walio hatarini, yeye na adaksi na swala dama, wanyama wenzake wa Sahara, lakini ikawapa msamaha waliozaliwa kifungoni. Mwaka 2009 mahakama ikaukuta msamaha ule na kasoro, na Aprili 2012 ukaondolewa: kumwinda kukawa kunahitaji kibali. Wafugaji wengi wakaanza kuwapunguza. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: mnyama asiyeniingizia kitu, mahindi yake nanunua kwa nini? Januari 2014 Bunge la Marekani likaurudisha msamaha kwa kuupachika ndani ya sheria ya bajeti, mahali ambapo siku hizi panapachikwa kila kitu. Miaka miwili baadaye, 2016, choroa wa kwanza wakaachiwa Chad, katika hifadhi ya Ouadi Rimé–Ouadi Achim, na Desemba 2023 IUCN ikamtoa kwenye daraja la waliotoweka porini ikamweka katika walio hatarini. Ni habari njema, nami niliisoma kwa furaha.

Basi ua si shetani, hilo nalikubali. Ila ninyi nanyi kubalini kwamba hoja hiyo inatumika kufunika mambo ambayo haiyahusu. Pofu, nyumbu na pundamilia wa kwenye ile karatasi ya plastiki hawakuwahi kutoweka kwao. Wako pale kwa sababu wana wateja. Kazi ya Chad ilifanywa na serikali ya Chad, na wakala wa mazingira wa Abu Dhabi, na wahifadhi wa Sahara. Katika karatasi zote nilizotia saini siku ile, hakuna iliyosema hata dola moja kati ya zangu 4,500 itafika huko. Nilimuuliza mwenye shamba wakati tunakunywa kahawa. Akanijibu bila kona: "Zinaishia kwenye mahindi na dizeli." Nilimheshimu kwa jibu hilo. Na hata kama zingefika zote Chad, hakuna mtaalamu atakayeniambia kwamba kuokoa ukoo wa choroa kulihitaji zile dakika 38, au lile tundu lisilo na hereni.

Kuna la magonjwa, nami si daktari, nitalitaja tu. Ugonjwa wa kukonda wa kulungu, ule uliotambuliwa kwanza Colorado mwaka 1967, ulionekana Texas mwaka 2012, na mwaka 2015 ukapatikana ndani ya shamba la kufugia kulungu. Chembe zake hukaa udongoni miaka, na waya wa futi 8 hauzuii pua mbili kugusana. Waya hauzuii hata miguu, ukweli ukisemwa: kulungu wa madoa aliyeletwa hapa miaka ya 1930 leo anatembea huru vilimani kama aliyezaliwa na nchi, na nilgai wa kusini, yule swala mkubwa wa India, ambaye naye alianzia ranchini, hubeba kupe wale wale mnaopigana nao kulinda ng'ombe. Hayo mnayajua kuliko mimi. Kinachonishangaza ni kwamba kwa ajili ya ng'ombe na kulungu mnadai hereni na daftari, halafu mnyama akifika mbele ya bunduki ya mteja, hereni inakuwa kitu cha kufichwa.

Tena sheria yenu imeshakanyaga njia hii. Kumuua simba aliyefungwa, au aliyefunguliwa ili auawe, ni kosa Texas, na kutangaza biashara hiyo ni kosa. Kuna watu walikaa Austin wakaona kwamba simba wa kufunguliwa asubuhi apigwe mchana ni jambo lisilofaa. Waliona sawa. Naomba mniambie ni kitu gani alichonacho simba ambacho choroa hana, ukiacha meno.

Njia ya Montana siitaki. Kule wapiga kura mwaka 2000 walipiga marufuku mashamba mapya na kulipisha watu kupiga wanyama wa kifungoni. North Dakota walipoulizwa jambo la namna hiyo mwaka 2010, walikataa. Watu wa vijijini wana sababu zao, na nyasi zisipoleta choroa zitaleta nyumba za kupangisha wikendi. Mahindi pia sitayagusa. Nimeishi hapa vya kutosha kujua kwamba ukigusa mahindi ya mwindaji wa Texas, barua yako inaishia hapo.

La kwanza na kubwa kwangu ni jeraha. Ndani ya ua usiorukwa na mtu wala mnyama, hakuna udhuru wa kumwacha aliyejeruhiwa asimame. Iandikwe kanuni: mnyama akipigwa asianguke, amalizwe mara moja kwa risasi iliyo ya haraka zaidi, kichwani kama ni kichwani, na sura ya ukutani isihesabiwe. Iandikwe pia kwenye mkataba wa mteja ili kijana anayeongoza asibaki katikati. Yule wa kwangu simlaumu hata chembe. Aliniambia tukirudi kwamba bakshishi ndiyo mshahara wake, na kwamba wiki moja kabla, mteja alikataa kumpa chochote kwa sababu tandala wake alitoboka shavu. Mpeni sheria ya kujikinga nayo. Kanuni hii haitagharimu jimbo senti.

Kisha daftari. Mnyama yeyote anayeuzwa kwa bunduki, mteja aone kabla ya kulipa: alizaliwa wapi, aliingia lini katika eneo atakamopigwa, na eneo hilo, lile lenye ua wake wa mwisho, ni ekari ngapi. Ningeoneshwa "ekari 300, wiki mbili," huenda ningelipa vilevile. Wapo watakaolipa kwa furaha kwa kuwa wana ndege ya jioni. Lakini nisingepanda dungu nikidhani nawinda. Na uwepo muda wa chini kati ya gari la kumshusha na bunduki ya kumpiga. Siku ngapi, waulizeni madaktari wa mifugo wanaojua dawa za kutuliza hukaa mwilini muda gani, kwa sababu nyama ile tunaila. Mimi niliila, na hakuna aliyeniambia kama alisafirishwa na dawa au bila dawa.

La mwisho ni dogo: hereni isivuliwe. Kama ni mfugo, afe na namba yake.

Bunge lenu hukutana siku 140 katika kila mwaka usiogawanyika kwa mbili, kwa hiyo muda wa kufikiri mnao. Tume nayo hupokea maoni ya wananchi kwenye vikao vyake. Nitakuja, na nitaomba dakika zangu kama watu wengine.

Wiki iliyopita fundi anayenitengenezea kile kichwa alinipigia simu. Kazi inakwenda vizuri, alisema, ngozi imekubali, macho ya kioo yameshafika. Alikuwa na swali moja tu: alizibe lile tundu la sikio? Ni kazi ya dakika tano, haongezi bei, na wateja wake karibu wote huomba lizibwe. Nikamwambia aliache wazi kama lilivyo. Akanyamaza, nikadhani simu imekatika, halafu akaniuliza kama nina hakika.

Kitakuwa tayari mwezi wa tatu. Kwangu hakitatundikwa, mke wangu ameshasema. Mkitaka kukiona, nitakileta Austin kwa gari langu.

Wenu,
Dereva wa lori, mkazi wa Texas, mwenye leseni ya kuwinda